Thomas Tallis na Zaburi Zisizohitaji Kinanda

Mara nyingi habari za watu wa kale tunazosimuliana kanisani ni za wahubiri, za maaskofu, na za mashahidi waliouawa kwa ajili ya imani yao. Mwezi huu twataka kusimulia habari za mtu ambaye hakuwa mhubiri wala askofu, wala hakuuawa na mtu. Kazi yake ilikuwa kuimba, kupiga kinanda na kutunga nyimbo za ibada, na kazi hiyo aliifanya zaidi ya miaka 50. Jina lake ni Thomas Tallis, Mwingereza, aliyefariki mwaka 1585. Yeye ni katika wale wa kwanza waliopewa kazi ya kuzitia Zaburi za Kiingereza katika tuni za sauti nyingi, na baadhi ya tuni zake zingali zikiimbwa hata leo na watu wasiojua zimetoka kwa nani.

Twaona habari zake zatufaa sisi wa Kharumwa na wenzetu wa Geita na Shinyanga. Katika nchi hii kuna mitaa yenye kinanda cha umeme, na kuna mitaa isiyo na chombo chochote ila vinywa vya watu. Walimu wa mitaa hii ya pili husema habari zake kwa unyonge, kana kwamba wamepungukiwa na jambo kubwa. Tena tumeona umeme ukikatika Jumapili asubuhi, na kwaya nzima ikanyamaza, watu wakitazamana, kana kwamba wimbo ulikuwa ndani ya kile kinanda. Basi na tumtazame mtu aliyekuwa mpiga kinanda kwa kazi yake, na ambaye kazi yake iliyoenea kuliko zote haihitaji kinanda.

Tallis alizaliwa yapata mwaka 1505, mwaka ule ule ambao Martin Luther aliingia utawani kule Erfurt. Wakati ule ibada zote za Uingereza ziliimbwa kwa Kilatini. Watawa walikusanyika kanisani mara nyingi mchana na usiku, wakaimba Zaburi zote 150 kila juma, na juma lililofuata wakaanza tena. Mwaka 1532 twamkuta Tallis katika nyumba ndogo ya watawa mjini Dover, kando ya bahari, akiwa mpiga kinanda wao. Hiyo ndiyo habari ya kwanza kuandikwa juu yake. Yeye mwenyewe hakuwa mtawa, bali mtu wa mshahara. Masikio yake yalijaa Zaburi kila siku. Lakini mvuvi wa Dover aliyesimama nyuma ya kanisa alisikia sauti tamu tu, maneno hakuyaelewa.

Mwaka 1535 nyumba ile ilifungwa. Mfalme Henry wa Nane alikuwa amekosana na Papa, akajifanya mwenyewe mkuu wa Kanisa la Uingereza, kisha akaanza kuzitia mkononi mali za watawa, nyumba moja baada ya nyingine. Tallis akaenda London, na mwaka 1537 alikuwa akitumika katika kanisa la St Mary-at-Hill. Mwaka uliofuata akapata kazi Waltham, katika nyumba kubwa na tajiri ya watawa, yenye waimbaji wengi. Huko nako hakukaa. Tarehe 23 Machi 1540 Waltham ikafungwa, nayo ndiyo iliyokuwa abasia ya mwisho kufungwa katika nchi nzima. Tallis alipewa shilingi 20 za mshahara aliokuwa akidai, na shilingi 20 nyingine za kumshukuru, akaenda zake. Wenzetu waliopata kufanya kazi mgodini wajua mambo hayo yalivyo: jana kuna kengele ya kazi na watu mamia, leo lango limefungwa, na kila mtu ashika njia yake na mfuko wake.

Lakini Tallis alitoka Waltham na kitu kingine, nacho kilikuwa kitabu. Kilinakiliwa kwa mkono na John Wylde, aliyekuwa kiongozi wa waimbaji wa nyumba ile miaka mingi kabla yake. Ndani yake mna elimu ya uimbaji: jinsi sauti mbili zinavyoweza kwenda pamoja bila kugongana, na mambo ambayo mtungaji hana ruhusa kuyafanya. Tallis aliandika jina lake katika ukurasa wa mwisho. Kitabu hicho kingali kipo, kimehifadhiwa katika maktaba kuu ya London. Tukifikiri jinsi vitabu vya watawa vilivyochanwa siku zile, karatasi zake zikauzwa kufungia bidhaa sokoni, twaona kwamba mtu huyu aliokoa kile alichokiona kuwa cha thamani, akaacha mengine yaende.

Kutoka Waltham alikwenda Canterbury, ambako kanisa kuu lilikuwa limepangwa upya bila watawa, akaimba huko kama miaka miwili. Kisha, yapata mwaka 1543, akaingia katika kwaya ya kanisa la mfalme mwenyewe, akadumu humo mpaka kufa kwake. Hapo hatuna budi kusimama kidogo, maana mwaka ule ule lilitokea jambo ambalo kila mwimbaji wa mfalme alilijua. Mjini Windsor, katika kanisa la mfalme, watu wanne walishitakiwa kwa kushika mafundisho mapya. Mmoja alikuwa Robert Testwood, mwimbaji wa kwaya; mwingine alikuwa John Marbeck, mpiga kinanda, ambaye kosa lake lilikuwa kuandika kitabu cha kuwasaidia watu kutafuta maneno katika Biblia ya Kiingereza. Wote walihukumiwa kuchomwa moto. Marbeck alisamehewa na mfalme. Testwood na wenzake wawili walichomwa.

Tumelieleza jambo hili ili msomaji asidhani kwamba kazi ya kuimba mbele ya mfalme ilikuwa kazi ya anasa na mavazi mazuri tu. Neno uliloimba, na lugha uliyoimba, vyaweza kukufikisha motoni. Na lugha yenyewe ilikuwa ikibadilika kila mfalme alipobadilika.

Mabadiliko yalianza hata kabla Henry hajafa. Mwaka 1544 mfalme alikuwa akijiandaa kupigana na Wafaransa, akataka watu wote waombe kwa lugha wanayoielewa. Askofu Mkuu Thomas Cranmer akatengeneza Litania ya Kiingereza, na Malkia Katherine Parr, mke wa sita wa Henry, akatoa kitabu cha sala zilizofuata mfano wa Zaburi. Mwaka 1978 mafundi waliokuwa wakitengeneza jengo la chuo kimoja mjini Oxford walikuta vipande vya karatasi za muziki vimefichwa ndani ya ukuta. Vilipochunguzwa ikaonekana ni wimbo mkubwa wa Tallis, ambao kwanza ulikuwa wa Kilatini wa kumsifu Bikira Mariamu, na sasa chini ya noti zile zile yamewekwa maneno ya Kiingereza ya Malkia Katherine, ya kumlilia Mungu awaokoe watu wake na adui. Twaweza kuona kwa macho jinsi mtungaji alivyoshikwa katikati ya njia: nguo ni ya zamani, na mtu aliyevikwa ni mpya.

Henry akafa mwaka 1547, na mwanawe Edward wa Sita akatawala, mtoto wa miaka 9. Washauri wake walikuwa watu wa Matengenezo. Mwaka 1548 waimbaji wa kanisa kuu la Lincoln waliamriwa wasiimbe tena kwa Kilatini, bali kwa Kiingereza tu, na kila silabi ipewe noti yake moja, iliyo wazi. Mwaka 1549 ikatoka Sala ya Kanisa ya Kiingereza, na Zaburi zote zikagawanywa ziishe kwa mwezi mmoja, asubuhi na jioni. Pale York, mwaka 1552, Askofu Mkuu aliagiza hata vinanda vinyamaze kanisani, ili neno lisikike.

Msomaji asiyezoea mambo ya muziki na atuvumilie tueleze agizo hili la silabi na noti, kwa maana ndilo lililogeuza kazi ya Tallis yote. Katika nyimbo za Kilatini alizokulia, silabi moja yaweza kuchukua noti 20 au 30. Sauti moja yapanda na kushuka kwa silabi hiyo, huku nyingine yaimba neno la mbele na nyingine neno la nyuma. Ni kitu kizuri sana, kama kutazama mawingu. Lakini ukimwuliza msikilizaji ni neno gani limeimbwa, hawezi kukuambia. Sasa mtu aliyejifunza ufundi huo miaka 20 aambiwa: acha hayo yote, imba kama mtu anayesoma.

Watungaji wengine, wakipewa amri kama hiyo, hutoa kazi kavu isiyo na ladha. Tallis hakufanya hivyo. Alitunga nyimbo fupi za sauti nne, moja yao juu ya maneno ya Bwana Yesu katika sura ya 14 ya Injili ya Yohana, ambayo huimbika kwa dakika kama mbili tu. Sauti zote nne zaanza pamoja, neno kwa neno, hata kila mtu aelewe; kisha kwa muda mdogo zaachana, moja ikitangulia na nyingine ikifuata, halafu zakutana tena. Zimebaki pia sehemu za Zaburi ya 119 alizozitungia ibada ya jioni, ambamo upande mmoja wa kwaya huimba na upande wa pili hujibu. Kwa maoni yetu hapa ndipo ukuu wake ulipo. Kutunga wimbo mgumu kwa mwenye elimu si ajabu. Kutunga wimbo mwepesi usiochosha ukiimbwa mara elfu, hilo ndilo jambo gumu.

Nasi katika makanisa yetu tuna shida iliyo ndugu ya shida hiyo, wala hatuisemi vya kutosha. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Mashairi ya Zaburi za Kiingereza, kwa kawaida, hukaza silabi ya mwisho ya mstari. Kwa hiyo tuni iliyotungwa kwa ajili ya Kiingereza hukanyaga kwa nguvu pale ambapo neno letu limelegea, na sisi twajikuta tukilitamka jina la Bwana kana kwamba nguvu yake iko katika silabi ya mwisho. Kwa Kisukuma ni zaidi, maana lugha hiyo hupandisha na kushusha sauti ndani ya neno lenyewe. Tuni ikishuka mahali neno linapopanda, mzee aliyeketi nyuma hupata kazi ya kukisia. Kuhesabu silabi tu hakutoshi. Mwalimu anayetia maneno mapya katika tuni ya kale na ayasome kwanza kwa sauti ya kawaida, asikilize nguvu inaangukia wapi, ndipo aandike.

Turudi kwa Tallis. Edward alikufa mwaka 1553, hajatimiza miaka 16. Dada yake Mary, aliyeshika dini ya Papa kwa moyo wote, akawa malkia, na Kilatini kikarudi mara moja. Tallis akarudi kuandika kwa Kilatini, akaandika vizuri, kazi kubwa za sauti sita na saba. Katika miaka mitano ya utawala huo watu karibu 280 walichomwa moto kwa ajili ya imani, na Cranmer akiwa mmoja wao, mwezi Machi 1556. Mwaka 1557 Malkia Mary alimpa Tallis na mwenzake wa kwaya haki ya kukusanya kodi za shamba kubwa huko Thanet kwa miaka 21, iwe shukrani kwa utumishi wao.

Wengine wamemlaumu Tallis kwa mambo haya. Aliimba Kilatini kwa Henry, akaimba Kiingereza kwa Edward, akaimba Kilatini kwa Mary, na baadaye Kiingereza tena kwa Elizabeth, na hao wote walimlipa. Wako waliokufa kwa ajili ya yale aliyoyaimba na kuyaacha. Sisi hatuwezi kumfanya shahidi, wala hatutaki. Testwood alikuwa mwimbaji kama yeye, akafa. Lakini hatuoni pia kwamba alikuwa kinyonga. Kinyonga hubadilika apate kujificha, na mtu huyu katika kila zamu alitoa kazi iliyo bora kuliko ya wenzake, kana kwamba Neno la Mungu lastahili sauti nzuri katika lugha yoyote linapoimbwa. Wengi wa wataalamu wafikiri kwamba moyoni alibaki na dini ya zamani. Ikiwa ni hivyo, basi Zaburi za Kiingereza ambazo sisi Walutheri twaweza kuziimba bila shida zilitungwa na mtu ambaye hakuwa wa upande wetu, na jambo hilo twalipokea kwa shukrani.

Katika siku zile za Mary alikuwako mtu mwingine ambaye habari zake zaungana na za Tallis. Naye ni Matthew Parker, mwalimu wa Cambridge. Kwa kuwa alikuwa ameoa, tena alishika mafundisho ya Matengenezo, alinyang'anywa kazi zake zote, akakaa mafichoni. Usiku mmoja alipokuwa akikimbia wanaomtafuta alianguka kutoka juu ya farasi, akaumia, na maumivu hayo hayakumwacha. Katika maficho hayo alijipa kazi: kuzigeuza Zaburi zote 150 kuwa mashairi ya Kiingereza. Alizimaliza mwaka 1557. Hakujua kama zitaimbwa na mtu.

Mwaka uliofuata Mary alifariki, na dada yake Elizabeth akatawala. Parker aliyekuwa mafichoni akafanywa Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1559. Watu waliokuwa wamekimbilia Geneva na miji ya Ujerumani walirudi, wakirudi na desturi ya kuimba Zaburi watu wote pamoja. Huko Ujerumani Luther alikuwa amekwisha kuwapa watu wake Zaburi za kuimba katika lugha yao, ya 46 na ya 130 zikiwa ndizo zinazojulikana zaidi. Na Mwingereza Miles Coverdale alikuwa amezifasiri nyimbo nyingi za Luther katika miaka ya 1530, ila vitabu vyake vilipigwa marufuku na Mfalme Henry. Sasa mlango ulikuwa wazi. Askofu John Jewel aliandika mwaka 1560 kwamba nje ya kanisa kuu la London, baada ya mahubiri, watu 6,000 waliimba pamoja, wazee kwa watoto, wanaume kwa wanawake. Msomaji na afikiri: watu 6,000 uwanjani, wala hakuna kipaza sauti.

Si wote walioridhika. Wako waliotaka uimbaji wa kwaya na vinanda vitoke kabisa kanisani. Mwaka 1563 shauri la kuviondoa vinanda, pamoja na mambo mengine, lilipigiwa kura katika baraza la mapadre. Waliolikubali walikuwa 58, waliolikataa 59. Kwa kura moja vinanda vya Uingereza vikapona. Malkia mwenyewe alipenda muziki, na katika kanisa lake kinanda hakikunyamaza; huko Tallis alipiga na kuimba kama zamani. Lakini nchini, katika makanisa ya vijijini, Zaburi ziliimbwa kwa vinywa vitupu, nazo zikaendelea hivyo kwa miaka mingi sana.

Basi yapata mwaka 1567 John Day, mpiga chapa wa London, akakitoa kitabu cha Askofu Mkuu Parker chenye Zaburi zote 150. Mwishoni mwake ziliwekwa tuni 9 za Thomas Tallis, za sauti nne. Nane ni za Zaburi, na ya tisa ni ya wimbo wa kumwomba Roho Mtakatifu. Tuni yenyewe haikuwekwa katika sauti ya juu kama tulivyozoea leo, bali katika tenori, ndani ya zile nyingine, kama Johann Walter alivyofanya katika kitabu cha waimbaji kilichotoka Wittenberg mwaka 1524. Sauti tatu nyingine zaizunguka kama watu waliomzunguka mgonjwa wakimsaidia kutembea. Hakuna sehemu ya kinanda iliyoandikwa. Watu wanne wenye kitabu kimoja, wameketi mezani jioni, waweza kuimba Zaburi kamili.

Katika kitabu hicho kila tuni imeelezwa tabia yake. Ya kwanza ni ya upole, ya pili ya huzuni, ya tatu ina hasira, ya tano yafurahi, ya sita yaomboleza, ya saba yapiga hatua kwa nguvu, na ya nane yaenda taratibu. Msomaji hatakiwi kuimba Zaburi ya toba kwa tuni ya shangwe. Twatamani maneno hayo yangebandikwa katika chumba cha mazoezi cha kila kwaya, maana tumesikia Zaburi ya 51 ikiimbwa kwa mwendo wa arusi.

Kitabu cha Parker hakikuenea. Vile vya Sternhold na Hopkins, vilivyokuwa vimetoka kamili mwaka 1562, ndivyo vilivyojaa nchini, na vya Parker vilivyobaki leo ni vichache sana. Yawezekana tuni za Tallis zingepotea pamoja nacho, kama dhahabu inavyokwenda na maji ya kuoshea mchanga fundi asipokuwa mwangalifu. Mbili kati yake zikaokolewa, kila moja kwa njia yake.

Ya nane, ile iendayo taratibu, iliwekewa Zaburi ya 67. Baadaye ilifupishwa, ikaunganishwa na wimbo wa jioni wa Askofu Thomas Ken, aliyezaliwa miaka zaidi ya 50 baada ya kufa kwa Tallis, na kwa mabega ya wimbo huo ikazunguka dunia. Waingereza waiita Kanoni ya Tallis. Ya tatu, ile yenye hasira, iliyowekewa Zaburi ya 2, ilikaa karibu kimya mpaka Ralph Vaughan Williams alipoikuta alipokuwa akitengeneza kitabu cha nyimbo kilichotoka mwaka 1906. Haikumwacha. Mwaka 1910 katika kanisa kuu la Gloucester alisimamisha wapiga fidla, wakapiga kazi ndefu iliyotoka katika tuni ile moja, na watu wengi walimjua Tallis kwa njia hiyo, bila kuimba neno.

Ya Tallis mwenyewe yaliyobaki twaweza kuyasema upesi. Yapata mwaka 1570 aliandika wimbo wa Kilatini wa sauti 40, kila mwimbaji na njia yake, kazi ambayo hata leo kwaya nyingi kubwa huiogopa. Mwaka 1575 Malkia Elizabeth alimpa yeye na mwanafunzi wake William Byrd haki ya pekee ya kupiga chapa vitabu vya muziki kwa miaka 21, wakatoa kitabu cha nyimbo 34 za Kilatini, 17 za kila mmoja, kwa kuwa malkia alikuwa katika mwaka wake wa 17 wa kutawala. Biashara ikawatia hasara, wakamwomba malkia awasaidie. Urafiki wao haukutikisika: Byrd alimwita mwanawe Thomas, na Tallis akawa baba wa ubatizo wa mtoto huyo. Byrd alikuwa wa dini ya Papa waziwazi, akatozwa faini kwa ajili hiyo, lakini mwaka 1588 naye alitoa Zaburi za Kiingereza, akaandika mbele yake sababu za kila mtu kujifunza kuimba, mojawapo ikiwa kwamba hakuna chombo kinachoishinda sauti ya mwanadamu ikiwa nzuri na imefundishwa.

Tallis alifariki nyumbani kwake Greenwich mwezi Novemba 1585. Katika wasia wake aliwaachia waimbaji wenzake fedha za kufanyia karamu. Alikuwa ameishi na mkewe Joan miaka 33, hawakupata mtoto. Alizikwa katika kanisa la St Alfege, na juu ya kaburi lake waliandika katika shaba kwamba aliwatumikia watawala wanne, na kwamba kama alivyoishi kwa upole na utulivu, ndivyo alivyokufa. Joan alimfuata mwaka 1589. Mwezi Novemba 1710 paa la kanisa lile lilianguka katika dhoruba, na kaburi likapotea; maneno ya ile shaba twayajua kwa sababu mtu mmoja alikuwa ameyanakili.

Walimu wanaopenda kuifundisha tuni ya nane wataiona katika vitabu vingi vya nyimbo vyenye noti, chini ya jina la Tallis. Ina mistari 4, kila mstari silabi 8. Siri yake ni hii: sauti ya juu na tenori huimba tuni ile ile moja, ila mmoja yuko nyuma ya mwenzake. Bugobogobo likipigwa shambani, mmoja huanza wimbo na wenzake humngoja amalize, ndipo wamwitikie. Hapa hakuna kungoja. Wafundishwe watu wote tuni nzima kwanza, mpaka waijue bila kitabu. Kisha wagawanywe pande mbili. Upande wa kwanza uanze. Na utakapofika silabi ya tano ya mstari wa kwanza, upande wa pili uanze mwanzo, wala usiharakishe kuwafikia wale wa mbele. Mara ya kwanza watapotezana, na wengine watacheka. Mara ya tatu au ya nne zitakwenda pamoja. Maneno yafaayo ni ya Zaburi ya 67, ambayo ndiyo iliyokuwa yake tangu mwanzo.